Plagi ya silinda namba 3 imetoka nyeusi: kutengeneza mfumo wa moto wa Hilux ya zamani ukiwa nyumbani

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Hilux ya mwaka 1986, injini 22R ya kabureta. Nabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupeleka Iringa mjini. Tambarare inakwenda vizuri, ila nikianza kupanda Kitonga na mzigo inamisi, inastuka, nguvu inapotea. Asubuhi ya baridi inasumbua kuwaka. Nilifungua plagi nikakuta ya silinda namba 3 ni nyeusi na inanuka petroli, zilizobaki ni za kahawia. Niliporudisha waya ikapiga mlipuko kwenye kabureta, ikabidi nimwite fundi azipange upya. Sasa ananiambia ninunue plagi, waya, kifuniko cha distribyuta, rota na koili, vyote kwa pamoja. Nataka kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani. Je, vyote vinahitajika kweli? Na nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya jambo ambalo hata mafundi wengi hawalifanyi: umezitazama plagi na ukakumbuka ipi ilitoka wapi. Nusu ya jibu lako iko kwenye hiyo plagi nyeusi.

Kabureta ya 22R ni moja na inalisha silinda zote nne. Ingekuwa inamwaga petroli kupita kiasi, au choki imenata, au filta ya hewa imeziba, plagi zote nne zingetoka nyeusi. Ikitoka nyeusi moja tu, tena yenye harufu ya petroli mbichi, maana yake petroli inaingia silinda ya 3 lakini haiungui yote. Ama moto haufiki pale, ama unafika ukiwa hafifu, ama silinda yenyewe haibani hewa. Habari ya moto ni kazi unayoiweza nyumbani. Habari ya kubana hewa tutaiacha hadi mwisho, tukilazimika kuifikia.

Kwa nini ubovu ujitokeze Kitonga na si Ruaha Mbuyuni? Cheche ya plagi inaruka uwazi usiofika milimita 1, na kinachoizuia ni hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Ukienda tambarare kwa mguu mwepesi hewa inayoingia ni kidogo, kwa hiyo cheche inaruka bila taabu. Ukikanyaga mafuta hadi chini na magunia mgongoni, silinda inajaa, mgandamizo unapanda, na koili, inayotengeneza umeme wa cheche, inalazimika kutoa volti nyingi zaidi ndipo cheche iruke. Hapo umeme unatafuta pa kutorokea. Waya wenye ufa, au kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi kwa zamu) chenye mstari wa kaboni, unakuwa njia nyepesi kuliko plagi yenyewe, na silinda moja inakosa moto mara moja kila baada ya mizunguko kadhaa. Baridi ya Iringa ya Juni na Julai nayo inaleta umande juu ya waya, huku betri iliyopoa ikishuka volti wakati stata inazunguka. Kwa hiyo kusumbua kuwaka asubuhi na kumisi mlimani kunaweza kuwa ugonjwa mmoja.

Jambo la kuhakikisha kabla hujatoa hela ni namna inavyokata. Moto ukikosekana gari hustuka ghafla, kama mtu anayelivuta kwa kamba na kuiachia. Petroli ikiwa ndiyo haifiki, kwa sababu filta imeziba au pampu imechoka, nguvu hufifia polepole, na ukiondoa mguu kwa muda hurudi. Wewe umesema inastuka, na plagi moja inakuunga mkono. Nakubaliana na fundi wako kuwa ni moto. Kuhusu koili sikubaliani naye. Koili ni moja kama ilivyo kabureta, inahudumia silinda zote. Ikichoka, injini nzima inayumba, na mara nyingi hufanya hivyo ikishapata joto. Kuinunua kwa sababu ya silinda moja ni kutupa hela. Zaidi ya hapo, koili ya mfumo wa platinamu (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili) na koili ya mfumo wa ignaita (kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyohiyo) hazilingani ukinzani wake. Ukifunga isiyo yake utaunguza platinamu au ignaita, na utakuwa umejiletea ugonjwa ambao hukuwa nao.

Kwa hiyo anza na vipimo visivyogharimu kitu. Cha kwanza kifanye usiku, mahali pasipo na taa. Washa injini, fungua boneti, chukua chupa ya kupulizia maji na unyunyize ukungu mwembamba juu ya waya za plagi na kifuniko. Tazama tu, usiguse chochote, kwa sababu mfumo huu unatoa zaidi ya volti 20,000. Pasipo na usalama utaona vicheche vya buluu vikitambaa au kuruka kwenda kwenye chuma, na injini itamisi papo hapo. Ukiviona kwenye waya wa namba 3, umeshamkamata mwizi.

Cha pili, injini ikiwa imepoa, hamisha plagi ya namba 3 uiweke namba 1, na ya namba 1 uiweke namba 3. Nenda safari moja ya mlimani, kisha uzifungue. Weusi ukihamia silinda ya 1, ni plagi. Ukibaki silinda ya 3, plagi haina hatia. Tazama waya wake, kituo chake ndani ya kifuniko, au silinda yenyewe.

Cha tatu, kama una mita ya umeme, hata ile ya bei rahisi, pima ukinzani wa kila waya kutoka ncha hadi ncha. Toyota wanataka usizidi kiloomu 25 kwa waya mmoja. Waya hizi si za shaba ndani, zina uzi wa kaboni, na uzi huo hukatika mtu anapoichomoa plagi kwa kuvuta waya badala ya kushika kofia ya mpira. Nina mashaka kwamba ndicho kilichoupata wako, maana gari la mwaka 1986 limeshapitia mikono mingi.

Hata baada ya kumpata mkosaji, kama huna kumbukumbu ya lini vitu hivi vilibadilishwa, nunua plagi nne, seti ya waya, kifuniko na rota, ile inayozunguka chini ya kifuniko kupeleka umeme kwa kila waya. Hivyo ni vitu vinavyolika, na kuvibadilisha pamoja kunakupa mwanzo mpya unaoujua. Nunua vyote, lakini usivifunge kwa mpigo. Funga kimoja, washa, sikiliza, ndipo uende kingine. Miaka mingi iliyopita nilimfungia mteja kila kitu kipya asubuhi moja na vya zamani nikavitupa. Gari likakataa kuwaka kabisa. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba rota mpya ilikuwa inavujisha umeme katikati yake, kwa sababu sikuwa na ile ya zamani ya kulinganisha, na akili yangu haikutaka kukubali kuwa kitu kipya kinaweza kuwa kibovu. Tangu siku ile vitu vya zamani vinakaa kwenye boksi hadi gari limalize wiki barabarani.

Dukani, kwa 22R omba plagi za NGK BPR5EY au za Denso W16EXR-U. Namba zina maana yake. Ile 5 ya NGK na 16 ya Denso ni kiwango cha joto. Kwa kampuni zote mbili namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Usikubali muuzaji akikupa 7 kwa maneno kwamba "zote zinaingia". Itaingia kweli, meno ni yaleyale, lakini haitapata joto la kujisafisha na itajaa masizi. Herufi R inaonyesha kuna rezista ndani, inayozuia redio kupiga kelele. Feki ni nyingi, kwa hiyo fungua boksi hapohapo dukani: maandishi kwenye kauri yawe makali yasiyofutika kwa kidole, meno yawe safi, na elektrodi ya katikati isimame wima. Kwa kifuniko, tazama ndani kama ile kaboni ya katikati ina springi na inarudi ukiibonyeza.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe baridi kabisa. Silinda hedi ya 22R ni ya alumini, na ukifungua plagi za chuma ikiwa na moto unaweza kutoka na meno ya hedi. Toa nguzo hasi ya betri. Kabla ya kugusa waya wowote, andika namba 1, 2, 3, 4 kwenye vipande vya gundi ya karatasi uvibandike kwenye waya, ukihesabu kutoka upande wa rejeta. Kisha shika kanuni ambayo ingekuokoa siku ile ya mlipuko: waya mmoja, plagi moja, mpaka imalizike, ndipo ya pili.

Chomoa waya wa namba 1 kwa kushika kofia yake na kuizungusha kidogo. Puliza uchafu kuzunguka plagi kwa pampu ya matairi, kwani mchanga wa barabarani ukidondokea ndani ya silinda utaikwaruza. Fungua kwa spana ya plagi ya 21. Plagi mpya ipime kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi), uwazi uwe milimita 0.8, ukihitaji kurekebisha pinda elektrodi ya pembeni tu, ya katikati usiiguse kamwe. Kuiingiza, chomeka kichwa chake kwenye kipande cha mpira wa petroli cha urefu wa kiganja na uizungushe nao. Ikiingia kombo mpira utateleza wenyewe kabla hujaharibu meno. Spana ukianza nayo mapema haitakuonya. Ikishakaa kwa mkono, kaza kwa spana nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa plagi mpya yenye washa yake. Mwenye spana ya kupimia nguvu akaze nyutoni-mita 18. Usikaze zaidi ya hapo ukidhani unaiongezea usalama.

Plagi zikiisha washa injini usikilize. Halafu waya, mmojammoja, mpya ilale njia ileile ya wa zamani, ndani ya vishikizo vyake na mbali na ekzosi. Washa tena.

Kifuniko cha distribyuta ndipo watu wanapopotelea. Distribyuta ya 22R imesimama mbele ya silinda hedi, unaifikia kwa urahisi. Legeza kifuniko cha zamani bila kuchomoa waya, kishike mkononi, na kile kipya kishike kando yake kikiangalia upande uleule. Kuna mkato unaokifanya kikae upande mmoja tu. Hamisha waya kutoka cha zamani kwenda kipya, mmoja baada ya mwingine. Ukimaliza, chunguza cha zamani kwenye mwanga wa jua. Tafuta mstari mweusi mwembamba kama uzi unaotambaa kutoka kituo kimoja kwenda kingine au kwenda ukingoni. Huo ni mkondo wa kaboni, haufutiki kwa kitambaa, na ukianzia kituo cha namba 3 utakuwa umepata jibu lako. Rota nayo itazame ncha yake: ikiwa imelika na kuungua, ibadilishe. Kuisugua kwa msasa kunaongeza uwazi ambao cheche inapaswa kuruka, usifanye hivyo.

Mlipuko ulioupata ulitokana na mpangilio. Injini hii inawaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2, na rota inazunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Ukibadilishana waya wa 2 na wa 3, cheche inakwenda kwenye silinda ambayo valvu ya kuingiza imeanza kufunguka, na moto unarudi kwenye kabureta. Ukipotea tena usikisie. Toa plagi ya namba 1, ziba tundu kwa kidole gumba, na uzungushe injini polepole kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki. Hewa ikianza kusukuma kidole chako, pistoni inapanda kwenye mgandamizo. Endelea hadi alama ya puli ifike 0. Kituo ambacho rota inakielekea wakati huo ndicho cha namba 1. Kutoka hapo fuata mzunguko wa rota: 3, 4, 2.

Kifuniko kikiwa wazi, tazama ndani. Ukikuta kigurudumu chenye meno manne na koili ndogo pembeni, bila platinamu, una mfumo wa ignaita. Pima uwazi kati ya jino na koili hiyo kwa filageji ya shaba, isiyonaswa na sumaku; uwe kati ya milimita 0.2 na 0.4. Hapo hakuna kingine cha kurekebisha. Lakini Hilux nyingi za miaka ile zilikuja na platinamu, na nyingine zimebadilishiwa distribyuta njiani. Ukikuta platinamu zilizochimbika, badilisha pamoja na kondensa yake, weka uwazi wa milimita 0.45 wakati kisigino cha platinamu kimekaa juu kabisa ya kilele cha kemu (nundu za mhimili wa distribyuta zinazoifungua), paka chembe ndogo ya grisi kwenye kisigino, na ufute nyuso zake kwa karatasi safi. Mafuta kidogo tu yakibaki hapo gari halitawaka. Pia kagua kama rezista iliyo karibu na koili imerukwa kwa kipande cha waya. Mafundi wa njiani hufanya hivyo kumwokoa dereva usiku, kisha husahaulika, na platinamu zinaungua kila mwezi.

Kumbuka kuwa ukigusa uwazi wa platinamu umegusa taimingi, yaani wakati ambao cheche inatoka. Uwazi ukiwa mkubwa moto unakuja mapema, ukiwa mdogo unachelewa. Ndiyo maana taimingi ni ya mwisho daima.

Kabla ya taimingi fanya kipimo kimoja ambacho sijui kwa nini watu wanakiruka, ilhali kinahitaji mdomo tu. Chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unaotoka kwenye distribyuta, uvute hewa kwa mdomo huku ukitazama ndani. Sahani iliyobeba platinamu au ile koili ndogo lazima isogee, na ukiziba mpira kwa ulimi ibaki pale. Isiposogea, au ikirudi yenyewe, ngozi ya ndani imepasuka. Gari la namna hiyo linakunywa petroli tambarare na sailensa yake (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, na mwenye gari ataendelea kubadilisha plagi bila kupona.

Kwa taimingi utahitaji taa ya taimingi. Azima, haina haja ya kununua kwa kazi ya mara moja kwa mwaka. Pasha injini moto, chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe kwa boliti ndogo, weka sailensa kama kibao kilicho chini ya boneti kinavyosema, funga kibanio cha taa kwenye waya wa namba 1 na umulike puli. Safisha alama kwanza na uipake chaki. Digrii zake zisome kwenye kibao hichohicho, maana 22R za kabureta zilitoka viwandani na viwango tofauti: nyingine digrii 8 kabla ya pistoni kufika juu, nyingine 5, nyingine 0. Ukilegeza boliti ya distribyuta na kuizungusha kinyume cha mishale ya saa, moto unakuja mapema. Kuifuata mishale unachelewa. Isogeze kwa upana wa unywele, kaza, umulike tena. Kisha kanyaga mafuta: alama ihame upande wa moto wa mapema na irudi ukiachia. Ikibaki imeganda, vijiwe vya ndani ya distribyuta vimeshika kutu na vinahitaji kusafishwa.

Usiongeze digrii ili upate nguvu ya kupandia Kitonga. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo unapokanyaga na mzigo, moto umewahi mno. Punguza siku hiyohiyo, kabla pistoni haijatoboka.

Ukimaliza yote, pakia mzigo wako wa kawaida, panda Kitonga, na ukifika juu acha injini ipoe ndipo ufungue plagi ya namba 3. Ikiwa kahawia, kazi imekwisha. Zikiwa zote nne na masizi mepesi, usishtuke sana: Iringa iko juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa pwani itamwaga petroli zaidi ya hewa huko, hilo ni suala la jeti, vitundu vinavyopitisha petroli ndani ya kabureta. Lakini namba 3 ikitoka nyeusi peke yake tena, usinunue kitu kingine cha moto. Injini ikiwa ya moto pima uwazi wa valvu: milimita 0.20 za kuingiza, 0.30 za ekzosi. Valvu ya ekzosi iliyobanwa kupita kiasi haifungi sawasawa na inakula nguvu ya silinda moja tu, kama unavyoona wewe. Ukikuta uwazi uko sawa, azima geji ya kompresheni. Silinda nzuri ya 22R inatoa karibu psi 171, na ikishuka chini ya 142 imechoka. Niandikie namba za silinda zote nne, na rangi ya plagi ya namba 3, nikuambie kama hedi inahitaji kufunguliwa.